Hamkuvamiwa, Mliacha Wazi

Nimelichoka neno "wadukuzi". Nimelichoka kama nilivyoichoka ile kauli ya dirishani, "mtandao uko chini", ambayo haimtaji mtu wala haielezi kitu. Taarifa za watu zikimwagika kutoka kwenye seva ya taasisi fulani, tamko linatoka kabla ya chai ya saa nne: tumevamiwa na wadukuzi, wataalamu wetu wanalifanyia kazi, wananchi wawe watulivu. Mwandishi ananakili. Mhariri anatafuta ile picha ya kijana aliyejifunika kofia ya sweta, uso haupo, herufi za kijani zinateremka nyuma yake. Habari imekwisha. Hakuna aliyeuliza swali ambalo hata mjumbe wa nyumba kumi angeuliza redio ikiibwa: mlango umevunjwa, au mlilala mmeuacha wazi?

Mimi ni mwandishi, na seva yangu ndogo ya Debian naiendesha mwenyewe. Kwa hiyo niseme bila kuzunguka: sehemu kubwa ya tunayoletewa kama uvamizi ni habari za usakinishaji. Mtu aliweka programu ya seva, akaona inaitika, akafunika laptop yake, akalipwa, akaondoka.

Tuanzie hapo kwenye kuitika. Kwenye mifumo ya jamii ya Unix, hasa Linux ambayo imebeba sehemu kubwa ya tovuti duniani, programu za seva huja katika vifurushi (hapana, si vile vya dakika na MB). Kwenye Debian na Ubuntu unaandika apt install na jina la kifurushi, unabonyeza Y, na kwa kawaida kabla hujanyanyua kikombe huduma imeshajiwasha. Fedora na Red Hat kwa desturi wanakuachia uiwashe mwenyewe kwa systemctl, na kwa maoni yangu hao ndio wenye adabu: angalau unapata nafasi ya kusoma faili la mipangilio ndani ya /etc kabla hujafungua duka. Kusakinisha ni dakika tatu. Kusanidi kunaweza kula mchana mzima, na hakuna atakayekupigia makofi, kwa sababu ukimaliza vizuri ukurasa unaonekana vilevile ulivyoonekana asubuhi. Bosi anaona ukurasa. Haoni faili.

Chukueni kisa cha MongoDB, programu ya kanzidata inayopendwa na vijana wanaotengeneza aplikesheni. Matoleo yake ya zamani yakiwashwa yalisikiliza kila upande: yeyote duniani aliyegonga poti namba 27017 alifunguliwa, tena bila kuulizwa neno la siri. Kuanzia toleo la 2.6, mwaka 2014, vifurushi rasmi vya Linux vikaja vimefungwa kwenye 127.0.0.1, yaani kompyuta inaongea na nafsi yake tu, wa nje hata akipiga hodi hasikiki. Vizuri. Lakini fundi anaweka kanzidata kwenye seva moja na aplikesheni kwenye nyingine, zinashindwa kuonana, anaingia mtandaoni kutafuta dawa, anakuta mtu kaandika: badilisha bindIp iwe 0.0.0.0. Anabadilisha. Zinaonana! Alleluya! Maana ya 0.0.0.0 ni "sikiliza kila anwani uliyonayo", na neno la siri bado halijawekwa, kwa sababu ukaguzi wa watumiaji kwenye MongoDB huwashwi mpaka wewe mwenyewe uuwashe kwa mstari mwingine wa faili lilelile. Ule mstari wa pili hakuusoma. Dawa aliyoipata ilikuwa na mstari mmoja.

Januari 2017 bili ikaja. Watu walipita intaneti nzima wakigonga 27017, na kila palipofunguka walifuta data na kuacha kibarua: lipa sehemu ya bitcoin urudishiwe. Ndani ya siku chache kanzidata zaidi ya 27,000 zilikuwa zimeguswa. Na sikilizeni hapa: mara nyingi data haikunakiliwa kabisa, ilifutwa tu. Mwizi wa pili alikuta kibarua cha mwizi wa kwanza akakifuta, akaweka chake. Walioamua kulipa walimlipa mtu ambaye hakuwa na cha kurudisha. Ujuzi uliotumika hapo ni wa kugonga mlango na kusukuma.

Mwaka uliotangulia, Aprili 2016, mtafiti wa Marekani aitwaye Chris Vickery alikuta kwenye kompyuta za kukodi za Amazon kanzidata ya MongoDB isiyo na neno la siri, ikiwa na kumbukumbu za wapiga kura wa Mexico zaidi ya milioni 93. Majina, anwani za nyumbani, tarehe za kuzaliwa. Kumbuka hiyo ni nchi ambako watu hutekwa ili ndugu zao walipishwe, na anwani ya nyumbani si kitu cha kuanika. Nakala ile ilikuwa ya chama cha siasa, Movimiento Ciudadano, kilichopewa daftari kihalali. Unadhani chama kilijiteteaje? Kilisema kimeshambuliwa kimtandao. Kumbe wimbo huu hatukuutunga sisi.

Haya, turudi kwa fundi wetu na dawa zake za mtandaoni. Ipo nyingine maarufu kuliko zote, chmod 777. Tovuti inakataa kupokea picha, inaandika "Permission denied", na wa kwanza kujibu kwenye kundi la WhatsApp anasema mpe 777. Maana yake: kila mtumiaji wa kompyuta hiyo anaweza kusoma, kuandika na kuendesha kila kilichomo. Kilichotakiwa ni kumpa mtumiaji wa seva ya wavuti (kwenye Debian anaitwa www-data) umiliki wa folda moja ya kupokelea picha, basi. Badala yake hata lile faili lenye neno la siri la kanzidata linaanikwa kama khanga kwenye kamba. Na SELinux ikileta ubishi? Izime. Ulinzi unaokusumbua leo unauzima kesho asubuhi, kesho kutwa unaitisha waandishi wa habari.

Halafu kuna hii ya kisasa, ya kupakua skripti kwa curl na kuipitisha moja kwa moja kwa bash, tena kwa mamlaka ya root. Unamfungulia mtu usiyemjua, unamkabidhi funguo zote, unageukia ukutani. Kifurushi cha Debian kinalindwa kwa saini ya kidijitali ambayo apt inaihakiki kabla ya kugusa chochote. Skripti ya curl haina hodi. Codecov, kampuni ya Marekani ya kupima programu, ilikuwa na skripti ya namna hiyo iliyotumiwa na maelfu ya wateja. Kuanzia Januari 31, 2021, kuna mtu aliibadilisha ili ijichotee funguo na maneno ya siri kutoka kwenye mashine za wateja. Iliendelea hivyo hadi Aprili 1. Aliyeigundua ni mteja mmoja aliyechukua taabu ya kulinganisha alama ya uhakiki ya faili alilopakua na ile iliyotangazwa. Mmoja! Miezi miwili!

Najua mtaniambia hata vifurushi rasmi vinaweza kutiwa sumu. Ni kweli. Machi 2024 mhandisi Andres Freund aliona kuingia kwa ssh kunachelewa kama nusu sekunde, akachimba, akakuta mlango wa siri ndani ya xz, matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Lakini angalieni ulifika wapi: kwenye matoleo ya majaribio ya Debian na Fedora. Debian imara, ile ya kuwekea kazi za watu, haukuigusa. Ule mwendo wao wa kobe unaochekwa na vijana ndio uliowaokoa.

Na najua mtaniambia mashambulizi ya kweli yapo. Yapo. Julai 2023 eCitizen ya Kenya ilifurikishwa maombi ya uongo mpaka huduma zikayumba. Kundi la Anonymous Sudan lilidai ni kazi yake, na mwaka 2024 Marekani ikawashtaki ndugu wawili raia wa Sudan kwa kuliendesha. Hapo neno shambulio ni halali. Ila hata mafuriko yanahitaji maji. Februari 28, 2018, GitHub ilipigwa na terabiti 1.35 kwa sekunde, na maji yale yalitoka kwenye seva za watu wasio na habari, waliosakinisha memcached na kuiacha inaitika UDP kwa dunia nzima. Swali dogo lilirudishwa kama jibu kubwa mara maelfu, likielekezwa kwa GitHub. Siku moja tu kabla, toleo 1.5.6 lilikuwa limeizima UDP kwa chaguo-msingi. Mlango wako wazi unaweza kumbomolea jirani.

Simlaumu fundi peke yake. Mikataba ya tovuti niliyoiona inasema "kutengeneza na kukabidhi". Hakuna mstari wa kusasisha, hakuna mstari wa nakala za akiba, hakuna jina la mtu wa kusoma kumbukumbu za seva Jumatatu asubuhi. Kazi inapewa mwenye bei ya chini, na bei ya chini ni ya dakika tatu, si ya mchana mzima. Aliyesaini mkataba huo ana kiti cha kuzunguka, na ndiye anayesoma tamko la wadukuzi mbele ya kamera. Kenya ina sheria ya data tangu 2019, Tanzania ilipitisha yake 2022 ikaanza kutumika Mei 2023. Wenye kutunza taarifa zetu wana wajibu kisheria wa kuzilinda, na "tulivamiwa" haitoshi kuwa jibu.

Kwa hiyo wenzangu wa chumba cha habari, safari nyingine tamko likija, kabla ya kutafuta picha ya sweta, piga simu. Uliza ni programu gani na toleo gani. Uliza poti ipi ilikuwa wazi kwa dunia na nani aliamua iwe wazi. Uliza seva ilisasishwa lini mara ya mwisho, na kama neno la siri lilikuwepo kabisa. Fundi aliyeko zamu anaweza kujibu nusu ya hayo kwa amri moja, ss -tulnp, inayoorodhesha kila programu inayosikiliza na anwani inayosikilizia. Haichukui hata dakika. Na msemaji akikwambia hayo ni mambo ya kiufundi ambayo msomaji hatayaelewa, andika jibu hilo kama lilivyo, na jina lake pembeni.