Nani Aliyemkaribisha Panya?

Hapa Mkiwa njia hugawanyika. Moja huenda Singida, ya pili huenda Manyoni na Dodoma, na ya tatu hushika upande wa Itigi, ikaendelea hata Rungwa na nchi ya Chunya. Mchana na usiku magari hupita, na mtoto wa hapa huweza kutaja aina ya lori kwa mlio wake kabla hajaliona. Kwa hiyo, wasomaji wangu, sidhani kama mtaniona mpuuzi nikiandika habari za motokaa. Nataka kusema juu ya motokaa iliyosimama, kwa maana hiyo ina hatari ambayo wengi hawaifikiri.

Motokaa ikisimama siku nyingi bila kuguswa hugeuka kuwa nyumba. Ina paa, ina giza, ina viti laini, wala mvua haiingii. Basi wakazi hawakosi. Nyigu hujenga kwa udongo katika vijibomba, paka huzalia chini ya viti, na kuku, akikuta dirisha wazi, hutaga pale akaapo dereva. Kuku tunaweza kumsamehe kwa sababu ya mayai yake. Lakini hasara kubwa huletwa na panya, na watu wote hupenda kumlaani yeye. Maoni yangu ni mengine. Nasema kwamba panya huja kwa kualikwa, na wenye kumwalika ni sisi wenyewe.

Nitaeleza jambo lililonifundisha. Mwaka mmoja, mavuno ya alizeti yalipokwisha, pikapu ya shule yetu ilifanya kazi ya kupeleka magunia ya alizeti mjini Singida kwenye mashine ya kukamua mafuta. Kazi ilipomalizika, dereva akaenda likizo kwao. Mimi ndimi niliyeagiza pikapu iwekwe ubavuni mwa ghala, penye kivuli, ili jua lisiharibu rangi yake. Ikakaa hapo majuma matatu, wala hapana aliyefagia sakafu yake. Saa ya mapumziko watoto walipenda kukaa ndani yake wakila karanga na mahindi ya kuchoma. Niliwaona, nisiwakataze.

Usiku mmoja, yapata saa nane, watu walikuja kubisha hodi. Mama mmoja, jirani yetu, alikuwa na uchungu wa kuzaa tangu asubuhi, na mkunga alikuwa ameona kwamba kazi imemshinda. Sharti apelekwe hospitali. Dereva alikuwa amerudi siku ile ile; akaingia katika pikapu, akazungusha ufunguo. Kimya. Akazungusha tena, taa zikawaka hafifu, lakini mtambo haukunguruma. Tukafungua boneti, tukamulika kwa tochi. Juu ya mtambo palikuwa na kiota kikubwa kama kichwa cha mtu, kimefumwa kwa majani makavu, matambara, na sifongo iliyong'olewa vitini. Ndani yake walilala watoto wa panya, wekundu, wasio na manyoya, macho yamefumba. Pande zote palijaa maganda ya alizeti. Nazo nyaya zilikuwa zimetafunwa, nyingine zimekatika kabisa, shaba yake ikimetameta katika mwanga wa tochi.

Tukambeba mama yule kwa kitanda hata barabarani, tukasimama tukipunga taa. Malori mawili yalipita, yasisimame. La tatu likasimama, na dereva wake, mtu tusiyemjua, akampakia mgonjwa pamoja na shangazi yake. Walifika hospitali kumekwisha pambazuka. Mama aliokoka, na mtoto wake pia. Lakini baadaye tuliambiwa kwamba saa moja zaidi ingalitosha kuwapoteza wote wawili.

Asubuhi ile watu walimlaani panya. Mmoja alinong'ona kwamba ni kazi ya adui, kwani panya atajuaje usiku wa kuharibu? Nami niliyatazama yale maganda ya alizeti, nikanyamaza kwa aibu. Panya hakuvunja mlango. Alikuta mbegu zilizomwagika sakafuni, makombo ya karanga, godoro la sifongo, ukuta wa ghala wa kumficha, na kimya cha majuma matatu. Wazee walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Adui tuliyemtafuta mbali alikuwa uzembe wetu, na wangu ulikuwa wa kwanza.

Yafaa tumfahamu mnyama huyu. Meno yake ya mbele hayaachi kukua maisha yake yote, na asipoyasugua kwa kutafuna vitu vigumu, yatarefuka hata ashindwe kula. Kwa hiyo hutafuna mti, sabuni, ngozi, mipira na nyaya, ijapokuwa hana njaa. Panya-shamba, aliyeenea katika nchi nyingi za Afrika, huchukua mimba siku 23 hivi, na jike mara nyingi huzaa watoto kumi au zaidi kwa uzazi mmoja. Hesabuni wenyewe: majuma matatu tuliyoisahau pikapu yetu ni siku 21. Mvua ikiwa njema na nafaka ikiwa tele, nao huongezeka. Mavuno yakiisha na mashamba yakabaki matupu, huhamia palipo na akiba, yaani majumbani na maghalani.

Wala msimdhanie kuwa mjinga. Katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini, na kutambua kifua kikuu katika makohozi ya wagonjwa. Mmoja wa panya hao, Magawa, aliyezaliwa Tanzania na kufanya kazi yake Kamboja, alipewa nishani ya dhahabu na shirika moja la Uingereza mwaka 2020. Mnyama mwenye akili kiasi hicho hatutamshinda kwa matusi. Yatupasa kutumia akili zetu sisi.

Wako wasemao, 'Tia sumu, mambo yatakwisha.' Mimi sikubaliani nao. Panya aliyekula sumu mara nyingi huenda kufia mahali pa siri, na ndani ya motokaa mahali pa siri ni pengi. Utanusa uvundo siku nyingi usione mzoga. Tena paka, kuku au bundi akimla panya yule, naye huweza kufa. Hapo tumewaua walinzi wetu. Bundi hasa ameonewa sana katika nchi yetu. Watu humpiga mawe wakisema analeta msiba, kumbe usiku kucha anawinda panya bila mshahara. Na hata sumu ikiua panya wote wa leo, chakula kikibaki pale pale, wengine watakuja kesho.

Dawa yangu ni ya namna nyingine, nayo haina gharama kubwa. Kwanza, motokaa ikichukua nafaka, ifagiwe siku iyo hiyo, hata pembe za sakafu na chini ya viti, wala mtu asile ndani yake. Pili, isiwekwe karibu na ghala, rundo la kuni, ua wa miiba, au majani marefu. Iwekwe peupe, juu ya ardhi iliyofagiwa, maana panya huogopa kuvuka mahali asipo na maficho. Afadhali rangi ichujuke kwa jua kuliko nyaya zikatwe kivulini. Tatu, isisahauliwe. Iendeshwe kila baada ya siku chache. Na isipokuwa na safari, boneti ifunguliwe kila asubuhi itazamwe. Mahali penye usalama yaweza kuachwa wazi usiku usio na mvua, kwani panya hapendi kiota kisicho na giza. Nne, mitego iwekwe karibu na magurudumu, ikaguliwe kila kukicha. Tena fundi aweza kufunika tundu la kuingizia hewa kwa wavu wa waya wenye matundu madogo.

Kiota kikionekana, msikifagie kikavu kwa mikono mitupu. Mkojo wa panya huweza kuleta maradhi. Julai 2022 Wizara ya Afya ilitangaza homa ya mgunda katika Mkoa wa Lindi, na watu 3 walikuwa wamekufa. Homa hiyo hutokana na mkojo wa wanyama, na panya ni miongoni mwao. Basi lowesheni kiota kwa maji yenye dawa ya kuua vijidudu, mvae mifuko mikononi, mfunike pua na mdomo, kisha mnawe kwa sabuni. Wala kisiachwe palepale, maana majani makavu juu ya bomba la moshi lenye joto huweza kuwasha moto. Na kabla ya kuwasha mtambo asubuhi, gongeni boneti kwa kiganja. Paka hupenda kulala hapo kwa ajili ya joto, naye hana kosa la kustahili kukatwa na feni.

Msidhani kwamba taabu hii ni yetu peke yetu. Ujerumani mna mnyama aitwaye Marder, mwenye umbo kama nguchiro, aingiaye chini ya boneti usiku akatafuna nyaya na mipira, hata makampuni ya bima huko hulipa fidia kwa ajili yake. Katika milima ya California, mahali paitwapo Mineral King, wasafiri huzungushia magari yao turubai kuanzia chini, wasije wakaliwa mipira na wanyama wa pale. Kampuni ya Honda huuza hata utepe wenye ukali wa pilipili wa kufungia nyaya. Nchi zenye mali nyingi nazo husumbuliwa na meno madogo.

Labda mwanafunzi mmoja atasema, 'Nyumbani kwetu hatuna motokaa. Maneno haya ni ya wenye magari.' Mwanangu, yule mama hakuwa na motokaa. Wala mumewe hakuwa nayo. Katika kijiji motokaa huwa na mwenyewe mmoja mchana, lakini usiku wa shida huwa ya watu wote. Tena panya habagui. Huingia chini ya kiti cha pikipiki, katika trekta, katika mashine ya kusaga, na katika sanduku la vitabu vyenu.

Tangu mwaka ule pikapu yetu hulala katikati ya uwanja, na kila asubuhi wanafunzi wawili wa zamu huifungua na kuikagua kabla ya kengele. Wengine huona ni kazi ndogo. Mimi huwaandika majina yao katika daftari ya zamu kwa wino, kwa sababu sijui ni usiku gani tutagongewa mlango tena.