Nyoka wa Meserani na Dawa ya Mfugaji

Msafiri atokaye Arusha kuelekea Makuyuni, akiisha kwenda kilomita 25 hivi, hukuta kando ya barabara kuu pale Meserani jambo asilolitarajia katika nchi ya wafugaji: anaalikwa aingie kutazama nyoka. Wengi hupita tu. Basi lina saa zake, na mtumishi wa serikali anayekwenda Dodoma kikazi hakupewa posho ya kutazama nyoka.

Bustani hiyo ilifunguliwa mwaka 1993 na familia moja iliyotoka Afrika Kusini. Haikuwa shirika la umma wala kampuni kubwa ya utalii, bali kazi ya watu wa nyumba moja. Humo waliwekwa koboko, swila, kifutu na chatu, pamoja na mamba na kobe. Ikajengwa nyumba ya kuonyesha maisha ya Wamasai, na pembeni pakawa na uwanja wa kambi na baa kwa vijana wa Ulaya wanaozunguka Afrika kwa malori. Mtu mwenye haraka ataona hapo biashara ya kuwafurahisha wageni, basi. Hukumu hiyo si ya haki.

Kwa maana wenye nyoka hao walianzisha pia zahanati ya kuwatibu watu walioumwa na nyoka, na wananchi wa vijiji vya jirani wakatibiwa humo bila malipo. Fedha zilitokana na viingilio na michango ya wageni. Kwa maneno mengine, kijana wa Ulaya aliyelipa ili amwone koboko nyuma ya kioo alisaidia kuokoa mguu wa mchungaji wa Monduli, pengine bila kujua.

Uzito wa jambo hili hauonekani mjini. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuumwa na nyoka, na idadi inayokaribia kuwa mara tatu ya hiyo hukatwa viungo au kubaki na ulemavu wa kudumu. Hata hivyo ni mwaka 2017 tu shirika hilo lilipoyaingiza madhara ya nyoka katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahauliwa. Sababu ya kusahauliwa haihitaji utafiti: anayeumwa ni mkulima na mchungaji, tena mara nyingi ni mtoto. Kifutu hana desturi ya kukimbia. Hulala kimya njiani, rangi yake ikifanana na majani makavu, mpaka unyayo umfikie.

Dawa ipo. Hutengenezwa kwa kumdunga farasi sumu kidogo kidogo, kisha kuchuja kinga iliyojengeka katika damu yake. Lakini ni ghali, nyingine huhitaji kuhifadhiwa katika ubaridi, na mgonjwa mmoja huweza kuhitaji chupa kadhaa. Tena lazima ilingane na nyoka wa mahali. Dawa iliyotengenezwa kwa nyoka wa bara jingine haimfai aliyeumwa na koboko. Zahanati isiyo na dawa hiyo humwandikia mgonjwa rufaa, na sumu haisubiri gari.

Wema wa familia moja kando ya barabara unastahili sifa, lakini hauwezi kuwa mpango wa afya wa wilaya. Viingilio hutegemea wageni. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipofunga viwanja vya ndege duniani, watalii walipungua ghafla. Nyoka wa porini hawakupungua. Waganga wa wilaya na maofisa wanaoandika makisio ya dawa hawana budi kuiweka dawa ya nyoka katika hesabu zao kabla ya mvua, wala wasingoje ajali itokee ndipo waandike barua.

Walimu nao wana sehemu yao, na haigharimu kitu. Mtoto afundishwe kwamba jeraha la nyoka halichanjwi wembe, halinyonywi, wala halifungwi kamba ya kukaza. Jiwe jeusi linalosifiwa sana vijijini halivuti sumu. Aliyeumwa atulizwe, avuliwe pete na bangili kabla uvimbe haujaanza, kiungo kifungwe banzi kisitikisike, kisha abebwe kupelekwa hospitali, asitembezwe. Swila akimtemea mtu sumu machoni, macho yaoshwe mara moja kwa maji mengi. Na nyoka asifukuzwe ili aletwe kwa daktari, kwa kuwa wengi wameumwa katika kumwinda huyo huyo wa kwanza.