Fundi, keekee na ndege: Betri ndiyo inayokwamisha safari

KWA fundi seremala wa Mji Mkongwe aliyepata kazi Muscat, Dubai au Moroni, vifaa vyake ndiyo mtaji wake. Akinyang'anywa keekee ya umeme uwanja wa ndege, anafika kwa tajiri mikono mitupu, na ujira wa siku za mwanzo unaishia dukani kununua nyingine. Hasara ya namna hiyo mara nyingi hutokana na kutojua kipi kinapanda na abiria, kipi kinakwenda chini kwenye mizigo, na kipi hakipandi kabisa.

Kwa kanuni zinazofuatwa na viwanja vingi duniani, keekee, misumeno na vifaa vyenye makali yanayozidi sentimita 6, zikiwamo patasi za kuchongea milango, haviruhusiwi kwenye mzigo wa mkononi. Mahali pake ni kwenye begi linalopimwa kaunta.

Betri ni kinyume chake. Betri ya lithiamu iliyochomolewa kwenye mashine ni marufuku kwenye begi la chini. Lazima abiria aingie nayo ndani. Ncha zake zikigusana na msumari au funguo, hupata moto, na moto ukiwaka ndani wahudumu wanaweza kupambana nao, lakini chini hakuna mtu.

Hofu hiyo ina msingi. Septemba 3, 2010 ndege ya mizigo ya kampuni ya UPS ilianguka Dubai baada ya kuwaka moto ikiwa na shehena ya betri za lithiamu, na marubani wake wawili wakafariki. Kuanzia Aprili 1, 2016, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) lilipiga marufuku betri hizo zikiwa peke yake kusafirishwa kama shehena katika ndege za abiria.

Kuna pia kipimo cha nguvu, na hesabu yake ni nyepesi: zidisha volti kwa ampia-saa zilizoandikwa kwenye betri. Ya volti 18 na ampia-saa 5 inatoa wati-saa 90. Hiyo iko chini ya 100, hivyo kwa kawaida haihitaji kibali. Ya ampia-saa 6 inafikia 108. Kati ya 100 na 160 shirika la ndege lazima litoe idhini, na za akiba haziruhusiwi kuzidi mbili. Ya ampia-saa 9 inafika 162, na hiyo abiria hapandi nayo. Mashine nyingi zinazouzwa kwa jina la volti 20 kwa hakika ni za volti 18.

Betri iliyofutika maandishi hukataliwa kirahisi, kwa kuwa mkaguzi hana cha kuhesabu. Hili linawahusu pia wafanyabiashara wadogo wanaoleta vifaa kutoka Dubai kwa begi: anayenunua betri kumi za akiba kwa ajili ya kuuza si msafiri tena bali ni mwenye shehena, na njia yake ni wakala wa mizigo.

Kwa mkulima, tatizo ni petroli. Msumeno wa mnyororo, mashine ya kufyekea au pampu ya maji iliyokwisha kutumika kwa kawaida hukataliwa hata tangi likimwagwa na kuoshwa, kwa sababu mvuke wa mafuta hubaki. Iliyo mpya ndani ya boksi baadhi ya mashirika huikubali, lakini baada ya kuulizwa kabla.

Uzito nao una gharama. Tikiti nyingi hutoa kilo 23 kwa begi, na mashine mbili tatu pamoja na patasi huzimaliza. Fundi apime lipi nafuu, kulipia uzito wa ziada au kukubaliana na tajiri kwa maandishi kwamba mashine nzito zitakuwapo kazini. Zanzibar, Oman na Falme za Kiarabu hutumia plagi ya miguu mitatu ya mraba na umeme wa volti zinazokaribiana, hivyo mashine ya waya hufanya kazi bila matatizo. Comoro hutumia plagi ya miguu miwili ya duara, na hapo adapta inahitajika.

Kabla ya kuondoka, ni busara kuandika orodha ya vifaa na namba zake, kuweka risiti na kuwaonesha forodha, ili wakati wa kurudi visidhaniwe kuwa bidhaa mpya. Ncha za betri zifungwe kwa tepu ya umeme, kila moja kwenye mfuko wake. Na kwa kuwa safari nyingi huunganishwa Addis Ababa, Nairobi au Doha, swali liulizwe kwa kila shirika lililomo kwenye tikiti. Kupita ukaguzi wa Kisauni si dhamana kwamba kituo cha pili nacho kitaruhusu.