Matabishi ya Kura



Kuna neno linalosemwa sana hapa Mapendo wakati wa uchaguzi, na kule sokoni Birere pia: "Kula feza yake, kura ni yako." Watu hulisema kwa kicheko, kama waliomshinda mkubwa kwa mayele. Mgombea amekuja na mchele, bia, fulana na vitenge vyenye sura yake. Sisi tumepokea. Ndani ya kibanda cha kura hakuna anayetuona, basi tutachagua tunayemtaka. Neno hili lina ukweli nusu, na kwa hiyo linatudanganya vizuri zaidi kuliko uongo mtupu.

Ukweli wake ni kwamba kura ni ya siri na feza haina macho. Lakini mtu aliyefanya kazi ya mgodi anajua kwamba hasara ya mchimbaji haitokei pale anapopiga sururu. Hutokea mlangoni, anapoandikwa kazi au kufukuzwa, na hutokea kwenye mizani, kilo zake zinapohesabiwa na mtu mwingine. Mimi ni kalani. Kazi yangu yote iko kati ya mlango na mizani, nami nasema uchaguzi wetu uko vile vile. Feza haifanyi kazi yake kubwa siku ya kura. Imekwisha kuifanya kabla ya siku ile, nayo huirudia baadaye.

Tuanze na tabia ya mtu, maana wengi hunijibu: "Mimi sichagui feza, nachagua mtu." Vema. Mtu huyo tunamjuaje? Tunasema bwana fulani ana roho nzuri, kwa sababu alileta tanki la maji katika kartie wakati akina mama walikuwa wakibeba bidoni kutoka ziwani. Alinunua sanduku la maiti kwenye msiba wa jirani. Alimwaga changarawe juu ya mawe makali ambayo volkano ya Nyiragongo ilituachia tarehe 17 Januari 2002. Sikatai, hayo ni mema. Lakini tazameni: kila jema katika hayo lina bei yake. Mwalimu anayengoja mshahara wake, mama anayeuza sambaza, kijana anayesukuma chukudu, hata wakiwa na moyo safi kuliko wote, hawana njia ya kuuonyesha namna hiyo. Wema wao uko katika mambo madogo. Huyu hurudisha deni siku aliyosema. Yule hakuwachongea wenzake kwa mkubwa wa kazi. Mwingine alishika feza za msiba wa watu, na hesabu ilipofanywa haikupungua hata franka moja. Mambo hayo hayatangazwi kwa kipaza sauti juu ya gari. Basi mara nyingi tunaposema tumepima tabia, tumepima mfuko.

Kuna wanaosema pia: afadhali tajiri, kwa sababu ameshiba, hataiba. Wenzangu makalani watacheka hapa. Mtu aliyetumia dola nyingi kuingia Bungeni ameandika matumizi katika daftari lake, na upande wa pili wa daftari uko mweupe bado. Ataujaza na nini? Wala sisemi umaskini ni cheti cha uaminifu. Nimeona maskini waliopewa ufunguo wa ghala wakalimaliza kwa mwezi mmoja. Nasema tu kwamba kushiba hakuthibitishi neno lolote.

Watu wa nchi hii wamewahi kuonyesha kwamba hawanunuliwi kwa urahisi. Mwezi wa Mei 1960 Wakongo walichagua Bunge lao la kwanza, lenye viti 137 (wanaume peke yao walipiga kura, akina mama hawakupewa haki hiyo, na aibu ile tuikumbuke). Kulikuwa na chama cha PNP. Machifu wengi walikuwa ndani yake, na wakubwa wa Kibelgiji walikipenda. Watu wakazigeuza herufi zake kwa Kifaransa wakasema maana yake ni Weusi Waliolipwa. Kilipata viti 15. Chama cha MNC cha Patrice Lumumba kilipata 33, zaidi ya chama kingine chochote, na hapa kwetu Kivu CEREA ya akina Anicet Kashamura ikapata viti 10.

Huyo Lumumba alikuwa nani kwa mali? Kalani wa posta pale Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo. Alifungwa mwaka wa 1956 kwa kesi ya feza za posta, na alipotoka akaenda Léopoldville kuuza bia ya Polar. Alikuwa na sauti, alikuwa na akili ya kuzungumza na kila mtu kwa namna yake, na hakuchoka kusafiri. Chama chake hakikukosa feza kabisa, tusijidanganye, safari na magari havilipwi kwa nyimbo. Lakini wakubwa wa Kibelgiji walikuwa na zaidi, wakashindwa.

Sasa tulinganishe na kura ya tarehe 20 Desemba 2023, ambayo wengi wetu tunaikumbuka. Walisimama wagombea wengi wa urais, na wawili kati yao wanafaa kwa mazungumzo haya. Mmoja ni bwana Moïse Katumbi, tajiri, mkubwa wa TP Mazembe, timu iliyochukua kikombe cha mabingwa wa Afrika mwaka wa 2009, wa 2010 na wa 2015, na mwisho wa 2010 ikacheza fainali ya dunia na Inter Milan. Alikuwa gavana wa Katanga tangu 2007 hadi 2015. Wa pili ni daktari Denis Mukwege wa hospitali ya Panzi, Bukavu, aliyepewa tuzo ya Nobel ya amani mwaka wa 2018 kwa kuwatibu akina mama walioharibiwa katika vita. Ukiuliza habari za tabia njema, dunia nzima imekwisha kumtolea daktari ushahidi. Kwa hesabu ya CENI, Katumbi alipata kama 18 kwa mia, na Mukwege hakufika hata 1 kwa mia. Félix Tshisekedi, aliyekuwa madarakani, akapata zaidi ya 73. Wapinzani waliikataa hesabu hiyo, nami siwezi kuifungua upya katika ukurasa huu.

Najiuliza tu, feza ilifanya nini pale? Haikununua kura moja moja, kwa maana Katumbi hana feza ya kununua watu wa Kongo yote. Ilimfanya ajulikane kwa muda wa miaka 15 kupitia mpira, hata mtoto wa Goma asiyefika Lubumbashi akamwona kama mjomba wake. Ilimpa ndege ya kwenda mji hadi mji. Tena kulikuwa na vituo vya kura zaidi ya 70,000, na katika kila kituo mgombea anahitaji shahidi wa kukaa tangu asubuhi hadi usiku, kuona karatasi zikihesabiwa na kuchukua nakala ya hesabu. Nani atamlipia shahidi huyo nauli na chakula? Daktari alitangaza kusimama kwake mwezi wa Oktoba, miezi miwili na nusu kabla ya kura, bila chama kikubwa nyuma yake. Na hata tajiri naye alipambana na aliye madarakani, ambaye ana njia nyingi kuliko tajiri yeyote.

Huo ndio upande wa mizani. Mlangoni je? Ili kusimama urais mwaka ule ilipasa kutoa amana ya franka milioni 160, isiyorudishwa. Wagombea wa Bunge walilipa kidogo kuliko hiyo, lakini kwao kuna ukuta mwingine. Sheria yadai orodha ya chama ipate walau 1 kwa mia ya kura za nchi yote, la sivyo haihesabiwi katika kugawa viti. Maana yake, mtu wenu mnayemjua, aliyepigiwa kura na nusu ya Mapendo, aweza kuanguka kwa sababu chama chake hakikupata kura huko Bandundu na Mbandaka. Tena sheria ya mwaka wa 2022 ikaongeza: chama kisichoweka wagombea wa kutosha kujaza 60 kwa mia ya viti nchini hakipokelewi kabisa. Kila mgombea ana amana yake, basi pigeni hesabu. Mtu mwema asiye na kitu hana budi kwenda kumbishia hodi mwenye chama kikubwa, na mwenye chama atamwuliza ameleta nini.

Nimesema pia baada ya kura. Hapa ndipo pabaya zaidi, na hapa ndipo sisi wa mitaani hatuangalii. Sisi hatuchagui maseneta wala magavana. Wanachaguliwa na wajumbe wa baraza la jimbo, watu makumi tu. Kwa mnunuzi hilo ni soko jepesi. Mwezi wa Machi 2019 wajumbe wa majimbo walichagua maseneta. Wagombea kadhaa walijitoa wakisema wazi kwamba wajumbe wanawadai maelfu ya dola. Huko Kinshasa chama cha rais mwenyewe, UDPS, kilikuwa na wajumbe 12 barazani, lakini hakikupata hata seneta mmoja. Rais akasimamisha kuingizwa kazini kwa maseneta, vikafanywa vikao, vikasemwa vya kusemwa, kisha milango ya Seneti ikafunguliwa. Fulana tuliyopewa kartieni ni matabishi tu, kama kipande cha sabuni anachoongeza mwuza duka. Biashara yenyewe ilifanyika ng'ambo, kwa mtu yule yule tuliyemchagua kwa sababu ana roho nzuri.

Haki husimama mara moja moja. Mwezi wa Januari 2024 CENI ilifuta kura za wagombea 82 wa mabaraza kwa udanganyifu, na kati yao walikuwamo mawaziri na magavana. Baadhi walikutwa na mashine za kura mikononi mwao. Wenye mashine nyumbani hawakuwa wauza sambaza.

Jirani zetu wa Tanzania wamehangaika na jambo hili hili kwa namna ya kufundisha. Mwaka wa 1965, katika uchaguzi wa chama kimoja cha TANU, karibu kila jimbo lilikuwa na wagombea wawili, mmoja kwa alama ya jembe, mwingine kwa alama ya nyumba. Chama kiliwapeleka pamoja katika mikutano ile ile, na haikuruhusiwa mtu kutumia feza yake kujitangaza. Waziri wa fedha, Paul Bomani, mtu mkubwa wa ushirika wa pamba, akaangushwa kwao Mwanza. Amir Jamal, Mhindi, akachaguliwa na Waafrika wa Morogoro. Mfuko ulipofungwa, watu walitazama mtu. Lakini mlango haukuwa wazi hata huko, kwani wale wawili walichaguliwa kwanza na wakubwa wa chama. Baadaye, vyama vilipokuwa vingi, sheria ya mwaka wa 2000 ikaruhusu kitu walichokiita takrima, yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura kwa desturi. Mwaka wa 2006 Mahakama Kuu yao ikaifuta, ikisema yabagua kati ya mgombea mwenye mali na asiye nayo. Majaji wale hawakudanganywa na neno ukarimu.

Najua kuna atakayeniambia: kalani, wasema uchaguzi gani? Masisi na Rutshuru hawakupiga kura mwaka wa 2023 kwa sababu ya vita. Beni na Butembo walisogezwa hadi Machi 2019, rais akiwa amekwisha kuapishwa Januari. M23 waliingia Goma mwisho wa Januari 2025. Ni kweli yote. Lakini siku gari za wagombea zitakaporudi na muziki, na zitarudi, tutakuwa tumechelewa kufikiri.

Yafaa tudai mambo mawili. La kwanza, maseneta na magavana wachaguliwe na wananchi wenyewe. Mnunuzi wa watu makumi anaweza kumaliza kazi yake kwa usiku mmoja. Watu milioni ni safari nyingine. La pili latuhusu sisi tunaopokea mshahara, hata kama ni mdogo. Tuna likelemba za harusi, za msiba, za mabati ya nyumba. Kwa nini tusiwe na likelemba ya amana ya mtu wetu? Urais uacheni kwanza. Tazameni komini: mwaka wa 2023 CENI ilipanga pia kura ya washauri wa komini katika miji mikuu ya majimbo, na washauri hao ndio wanaomchagua bulgomesta. Mtu tuliyemlipia amana na chakula cha mashahidi wake atakuwa na deni kwetu.

Wenzangu wanaotaka kuanza likelemba hiyo kazini mwao, waandike majina kwanza na feza baadaye, na daftari lishikwe na watu wawili wasio wa ukoo mmoja.

Kalani wa mgodi, Mapendo, Goma