Ziara ya Sheikh Hussein: Safari ya milimani isiyo na afisi

MWISLAMU wa Kulamawe anayenuia kwenda Makka anajua pa kuanzia. Lipo Baraza Kuu la Waislamu nchini (SUPKEM), wapo mawakala wenye vibali, na lipo fungu la mahujaji ambalo Saudi Arabia huigawia Kenya kila mwaka. Ataambiwa achanjwe nini, alipe lini na alale wapi. Jirani yake anayenuia kuelekea kaskazini, kwenye kaburi la Sheikh Hussein katika eneo la Bale nchini Ethiopia, hana mlango wa kubisha hodi. Hakuna afisi inayomhesabu akiondoka, wala inayouliza habari zake asiporudi.

Kulamawe inayozungumziwa hapa si ule mtaa wa mjini Isiolo wenye jina hilo hilo. Ni kituo cha wafugaji kilichoko chini ya kilomita 80 mashariki ya mji huo, kando ya barabara iendayo Modogashe, katika eneo la Garbatulla. Wakazi wake wengi ni Waborana wa Waso, jina litokanalo na mto Ewaso Nyiro. Ni Waislamu, na lugha yao ya nyumbani ni ile ile inayozungumzwa Moyale, Yabello hadi Bale kwenyewe, yaani Kioromo. Jambo hili la lugha ni muhimu kuliko linavyoonekana, kwani ndilo linaloifanya safari ya nchi ya kigeni ionekane kama matembezi ya ujombani.

Sheikh Hussein anaaminika kuwa ndiye aliyeueneza Uislamu katika nyanda za Bale yapata karne ya 13. Mahali alipozikwa, Anajina, pana makaburi na kuta zilizopakwa chokaa nyeupe. Kuba kubwa la kaburi lake hunasibishwa na Amiri Abd al-Shakur wa Harar, aliyetawala mwishoni mwa karne ya 18. Watu hukusanyika huko hasa katika misimu miwili: wakati wa Idi ya kuchinja, mwezi wa Mfunguo Tatu, na wakati wa Maulidi, mwezi wa Mfunguo Sita. Mwenye ziara hutambulikana kwa fimbo yake yenye panda juu. Akirudi hubeba kidogo cha udongo mweupe wa mahali hapo, ambao nyumbani hugawiwa wagonjwa na wenye haja.

Wanahistoria wengi wanaiona ziara hii kama mrithi wa nyingine iliyo kongwe kuliko Uislamu wenyewe katika nchi hizo. Waoromo wa zamani walikuwa wakituma wajumbe waende kwa Abba Muda, kiongozi wao wa dini, kupakwa mafuta na kurudi na baraka kwa ukoo mzima. Utawala wa Mfalme Menelik uliipiga marufuku safari hiyo karibu na mwaka wa 1900. Njia ya miguu haikusahaulika. Iliyobadilika ni anwani.

Kwa Waborana wa Waso kuna sababu nyingine. Mnamo 1934 serikali ya kikoloni ilichora mstari wa kuwatenganisha na Wasomali katika malisho, na hatua kwa hatua watu wa Waso wakawa mbali na ndugu zao wa nyanda za juu za mpakani. Kisha vikaja vita vya Shifta, 1963 hadi 1967, ambapo serikali iliwafungia wafugaji katika kambi za Garba Tulla, Merti na Modogashe. Mifugo iliangamia kwa risasi, kwa njaa na kwa kukosa malisho. Mwanaanthropolojia Mario Aguilar, ambaye alifanya utafiti Garba Tulla kuelekea mwisho wa miaka ya 1980, aliandika jinsi jamii iliyofukarishwa hivyo ilivyozirudia baadhi ya ibada za kale, zikiwemo zile za ayaana ambazo ndani yake jina la Sheikh Hussein hutajwa kwa heshima kuu. Katika nyumba ambayo ng'ombe 100 walikuwa wamebaki 3, haishangazi kwamba watu walimtafuta mwombezi wa karibu, anayesikia lugha yao.

Hapa ndipo mzozo ulipo. Wapo masheikh, hasa wa kizazi kipya waliosomea Arabuni, wanaosema kwamba kulisafiria kaburi ni bidaa, na kwamba kauli ya baadhi ya wafuasi kuwa ziara ya Bale humtosha maskini badala ya hija ni upotofu. Wenye ziara hujibu kuwa hawamwabudu sheikh bali wanamwomba Mungu penye baraka. Ukurasa huu hauna mamlaka ya kutoa fatwa. Lakini ni wazi kwamba mzozo huo una athari isiyo ya kidini: mtu anayeogopa kukemewa msikitini huondoka kimya kimya, bila kuuliza habari za njia, na anayeondoka kimya ni vigumu kumsaidia.

Tuitazame basi njia yenyewe. Kutoka Isiolo hadi Moyale ni karibu kilomita 500 za lami, safari ambayo zamani ilikuwa ya siku mbili au tatu juu ya lori la mifugo na sasa humalizika kwa siku moja. Ukitoka Kulamawe kuja Isiolo uko kwenye ushoroba mwingine, ule wa kwenda Wajir na Mandera, ambao Benki ya Dunia ilikubali kuufadhili mnamo 2020. Barabara hizi mbili zimebadilisha hesabu za safari kaskazini nzima. Zimebadilisha pia umri wa msafiri. Bibi ambaye miaka 20 iliyopita asingethubutu kupanda lori, leo anaweza kuketi kwenye basi.

Huko Moyale, kituo cha pamoja cha forodha na uhamiaji kilifunguliwa Desemba 2020 na Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, na Waziri Mkuu Abiy Ahmed. Mkenya hahitaji viza kuingia Ethiopia. Anahitaji pasipoti, na anahitaji cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Wengi hukichukulia cheti hicho kama karatasi ya kumridhisha afisa wa mpakani. Wakazi wa Isiolo hawapaswi kuwa miongoni mwao, kwani mwezi Machi 2022 serikali ilitangaza mlipuko wa homa hiyo katika kaunti yao hiyo hiyo, na Garbatulla ilikuwa mojawapo ya maeneo yaliyoguswa.

Pasipoti nayo huanzia kwenye kitambulisho, na kitambulisho kwa watu wa kaskazini kimekuwa kidonda. Kwa miongo mingi vijana na wazee wa maeneo hayo walipitishwa mbele ya kamati za kuwachuja kabla ya kukubaliwa kuwa Wakenya. Mnamo Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitangaza kuuondoa utaratibu huo wa ziada katika kaunti za mipakani. Tangazo ni jambo moja. Jambo lingine ni mzee wa miaka 70 ambaye hakuwahi kuwa na stakabadhi yoyote, na ambaye sasa anataka pasipoti kwa ajili ya safari moja tu ya maisha yake. Huyo, akishindwa, hataacha safari. Atavuka Moyale kwa miguu kama wanavyovuka wenyeji wanaokwenda sokoni, na kuanzia hapo atakuwa mtu asiye na karatasi katika nchi yenye vizuizi vya barabarani.

Na vizuizi hivyo havikuwekwa bure. Tangu 2018 hivi, serikali ya Ethiopia imekuwa ikipigana na Jeshi la Ukombozi wa Oromo (OLA) katika sehemu kadhaa za jimbo la Oromia, zikiwemo za Guji na Borana ambamo barabara ya kutoka Moyale hupitia. Kenya nayo, mapema mwaka wa 2025, ilianzisha Operesheni Ondoa Jangili katika kaunti za Marsabit na Isiolo dhidi ya wapiganaji wa kundi hilo hilo. Kwa hiyo Mborana wa Kulamawe anayeonekana Moyale na fimbo yenye panda na rundo la nguo anaweza kutiliwa shaka pande zote mbili za mpaka. Afisa aliyeletwa juzi kutoka kwingine ataijuaje fimbo ya ziara?

Baada ya Moyale kuna njia mbili. Ya kwanza hufuata barabara kuu kupitia Mega, Yabello, Bule Hora, Dilla na Hawassa hadi Shashemene, kisha hugeuka mashariki kupitia Dodola na Adaba mpaka Robe. Ni ya mzunguko, lakini ina magari na miji ya kulala. Ya pili hupitia Negele na Dello Mena, hukata msitu wa Harenna na kupanda uwanda wa Sanetti kabla ya kuteremka Goba. Uwanda huo uko zaidi ya mita 4,000 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Tullu Dimtu kilichoko hapo kina mita 4,377. Mtu aliyezoea jua la Kulamawe, mwenye shuka moja na kandambili, mwenye shinikizo la damu ambalo hajawahi kupimwa, anapandishwa pale juu katika muda wa saa chache. Baridi ya usiku huko hugandisha maji. Kaburi lenyewe haliko kileleni. Liko mbele zaidi, kaskazini mashariki ya Robe, kwenye nyanda za chini zenye joto. Milima ndiyo njia, na njia ndiyo inayoumiza.

Majira ni suala jingine linalohitaji hesabu. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku 11 hivi, hivyo Mfunguo Tatu hurudi nyuma polepole. Mnamo 2025 Idi ya kuchinja iliangukia mapema Juni, baada ya masika. Ifikapo 2028 itakuwa mapema Mei, na 2030 katikati ya Aprili, yaani katikati ya mvua ambazo Waborana huziita ganna. Huo ndio wakati ambapo ng'ombe wana maziwa na kila mkono unahitajika zizini, na ndio wakati barabara za udongo za Bale hugeuka utelezi. Mfunguo Sita nao, mnamo 2025, uliangukia Agosti na Septemba: kiangazi Isiolo, mvua katika milima ya Bale.

Kisha kuna nauli, na nauli hapa ni mnyama. Ukame wa misimu mitano mfululizo iliyokosa mvua, tangu mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, uliua mifugo zaidi ya milioni 2 katika maeneo kame ya Kenya. Familia nyingi bado zinajenga upya kundi, na dume mmoja akiuzwa katika soko la Isiolo huwa ameuzwa pamoja na karo ya shule. Kweli, tangu Ethiopia ilipoiachilia birr ielee sokoni Julai 2024 shilingi ya Kenya imekuwa na nguvu zaidi huko. Lakini unafuu huo humnufaisha anayebadilisha pesa kwenye benki, si anayemkabidhi kijana wa mpakani bunda la noti.

Ni nini basi kinachowezekana? Tuangalie kwingine. Wahindu wanaozuru Kedarnath, hekalu lililoko zaidi ya mita 3,500 katika milima ya Himalaya nchini India, kwa muda mrefu walipanda bila kuhesabiwa. Mnamo Juni 2013 mafuriko na maporomoko yaliwakumba wakiwa maelfu. Zaidi ya watu 5,000 katika jimbo zima walikufa au kutoweka, na serikali haikuweza kusema kwa uhakika ni akina nani. Baadaye kila msafiri alitakiwa kujiandikisha. Mjini Makka mnamo 2024, joto kali liliua mahujaji 1,301 kwa hesabu ya Saudi Arabia, na asilimia 83 kati yao hawakuwa na kibali. Wasio na kibali hawakuwa na hema wala basi la kupoza mwili.

Sidhani Kulamawe inahitaji tume, wala sidhani serikali yetu inapaswa kuigeuza ziara hii kuwa bidhaa ya kitalii. Ethiopia yenyewe imeliweka eneo la Sheikh Hussein kwenye orodha yake ya mapendekezo kwa UNESCO tangu 2011, na mbuga ya Milima ya Bale ilitambuliwa kuwa urithi wa dunia Septemba 2023. Watalii watakuja, na nauli na malazi huenda yakapanda kwa ajili yao.

Linalohitajika kwetu ni dogo. Daftari kwenye afisi ya chifu, la hiari, lenye jina la msafiri na namba ya simu ya nduguye. Zahanati ya Kulamawe ipime shinikizo na sukari, na itangaze siku ambayo chanjo ya homa ya manjano inapatikana Isiolo. Afisa wa uhamiaji wa Moyale aelezwe, wiki chache kabla ya Mfunguo Tatu na Mfunguo Sita, kwamba watapita wazee wenye fimbo za panda. Na hati ya muda kwa wazee wasio na pasipoti, kitu ambacho Nairobi na Addis Ababa zinaweza kukubaliana bila kikao cha marais, iruhusu kufika hadi Robe na Anajina badala ya kuishia kwenye soko la Moyale.