Hutunzwa Mchezo au Nguo?

Wahenga walinena: mcheza kwao hutunzwa. Lakini hutunzwa kwa mchezo wake, au kwa nguo alizovaa?

Swali hili lilinijia Gesima, kwenye milima ya Nyamira, nilikokwenda kumzuru rafiki yangu mwalimu. Tuliketi kando ya kiwanja tukitazama vijana wa kiume wakishindana kwa ngoma. Kundi la kwanza lilivaa sare za kumetameta na kofia za manyoya. La pili lilivaa kaptula tu na njuga miguuni, mzee mmoja akiwapigia obokano, kile kinubi kikubwa cha Wagusii chenye nyuzi nane. Kwa macho yangu, wa kaptula walicheza vizuri zaidi. Ushindi ukaenda kwa sare.

Sisi wa pwani tusiwacheke. Katika miaka ya 1920, wazee wetu wa Mombasa walishindana kwa beni, Kingi kwa Scotchi, na fedha nyingi zilimalizikia kwenye sare za kuwaiga Wazungu. Kushindwa kwa mavazi kulikuwa ni aibu.

Hao Wazungu nao wana mashindano ya wanaume ya kuteleza kwa madaha juu ya barafu, muziki ukilia. Nao hujipamba sana. Lakini chama chao cha kimataifa kimeweka sheria: vazi liwe la staha na lifae mchezo, lisiwe la mbwembwe za jukwaani. Anayevunja sheria hiyo hukatwa alama. Hata unyoya wa vazi ukidondoka barafuni, alama hukatwa. Mwingereza John Curry, aliyetwaa dhahabu ya Olimpiki huko Innsbruck mwaka 1976, husifiwa hadi leo kwa jinsi mwili wake ulivyokwenda na muziki.

Sisemi kwamba vazi si kitu. Njuga ni vazi, nazo hulia pale mguu unapokanyaga. Mchezaji akikosea, zinamsema. Vazi la namna hiyo linastahili alama. Lile la kuficha uzito wa miguu ni israfu tu.

Tulipokuwa tukiondoka, mwalimu aliniambia kwamba wale wa kaptula wameanza kuwaomba wazazi fedha za sare. Kwa mzazi mwenye kishamba kidogo cha chai, hilo si jambo jepesi. Waamuzi ndio waliowafunza hivyo, na waamuzi ndio wanaoweza kuwafunza vinginevyo.