Mtoto asiulizwe kila siku habari za vita

Wasikilizaji wetu, hasa nyinyi mlio kambini, juma hili wengi wameniuliza kwa nini redio ilipoteza dakika kumi kusoma mashairi ya watoto wakati bei ya unga inapanda. Swali ni la haki. Najibu kwa upande wangu.

Wageni wengi wanaofika kambini huwapa watoto karatasi na kuwaambia: chora yale uliyoyaona. Mtoto anachora nyumba inayowaka na mtu mwenye panga. Mgeni anapiga picha, anapanda gari, anaenda. Mtoto anabaki na usiku wake. Wazazi hawapendi, ila wanaogopa kusema, maana pengine mgeni huyo ndiye analeta bashi.

Kuna njia nyingine, na iko hapa hapa kwetu Ituri. Wamama wa Wambuti, katika msitu wa Mambasa, wanachora juu ya kitambaa cha gome. Wanaume wanatoa gome la ndani la mti na kulipiga mpaka linakuwa laini kama nguo. Wanawake wanachanganya maji ya tunda la msituni na makaa, kisha wanachora kwa kijiti au kidole. Si picha ya mti wala ya nyama. Ni mistari, vidoa, nyavu zilizokatika, na mahali palipoachwa bila kitu. Makumbusho ya Ulaya na Marekani yanatunza vitambaa hivyo. Watoto wangapi wa Bunia wamekiona hata kimoja?

Mwalimu mmoja alitundika picha ya kitambaa kama hicho kambini. Hakuuliza "hii ni nini?", kwani hakuna jibu moja. Aliuliza: unaona nini cha shamba, cha mto, cha msitu? Andika mistari mitatu tu. Msichana wa miaka 11 akaandika:

Siafu wanavuka njia.
Mvua imekata mstari wao.
Wengine wanangoja ng'ambo.

Neno vita halimo. Mama yake alipolisikia redioni alielewa. Kijana mwingine aliona maharage yaliyoanikwa, basi. Maharage ni maharage, tusimtafutie machozi.

Kuna wanaotaka watoto waandike Kifaransa ili kiwasaidie shuleni. Nakataa. Ndege wa kijijini mtoto anamjua kwa Kilendu, Kihema, Kinande au Kibira. Akianza kumtafuta kwa Kifaransa, ndege amekwisha kuruka. Na aliyezaliwa kambini hana jina la ndege huyo kwa lugha yoyote mpaka bibi amwambie. Hapo ndipo nawaomba mabibi mkae karibu na watoto wakiandika.

Walimu nao, mkitundika kitambaa, semeni ni kazi ya nani. Wambuti pia wamekimbia vita, na bado tunawaita majina ya dharau.

Unga hautashuka bei kwa shairi, nakubali. Lakini kazi hii inataka nusu karatasi na biki moja. Alhamisi tutasoma mengine baada ya taarifa ya jioni. Asiyejua kuandika amwambie dada yake amwandikie. Jina si lazima, na mlikotoka pia si lazima mtuambie.